Badilisha Majike Kwanza

Nyumbani, 4 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu humu ndani ni mali ya umma. Mama yenu huipokea nikiwa jikoni, na kaka yako huichungulia nikiwa bafuni. Barua nitaitia posta nikitoka kazini, nawe unijibu kwa anwani ya shule, si ya nyumbani.

Mama alikuja kututembelea kwa wiki moja. Shule zikafungwa, shule zikafunguliwa, Mama yupo. Sufuria zangu zimehamia rafu ya juu ambayo siifikii bila kupanda kiti. Hayo nayavumilia. Shida ni tumbo langu. Asubuhi, kabla sijamaliza kumwamkia, ameshanitazama kiunoni na kuguna. Kabatini kuna chupa zake: ya kijani ni ya kusafisha, ya kahawia ni ya kupasha joto, na nyingine haina jina, yenyewe eti hufanya yote mawili. "Kunywa, mwanangu, haina madhara." Ile ya kahawia ilinitoa mbio darasani, kidato cha pili wakabaki wanautazama mlinganyo ubaoni. Niliporudi mmoja akaniuliza kwa adabu kama x imepatikana.

Kaka yako unamjua. Mama akianza, yeye anaongeza sauti ya televisheni. Akizidiwa anasema, "Mama, mwache," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Lakini nimpe haki yake: mwezi uliopita alikwenda kupimwa mwenyewe, bila kusukumwa. Akarudi akasema, "Mimi niko sawa, majibu ni mazuri." Karatasi aliiacha karakana. Kwa hiyo mzigo umebaki kwangu, na daktari wangu anataka kuangalia mirija ya uzazi.

Wewe kazi yako si ndiyo haya haya? Mama anawaambia majirani kwamba binti yake alisoma miaka yote ile akaishia kufuga panya. Hebu niambie unafanya nini hasa, walau nicheke.

Wifi yako,
Mwalimu


Chumba cha panya, 15 Februari

Wifi yangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kiti changu kimechukuliwa na fundi wa kiyoyozi. Kiyoyozi kimekufa tena. Chumba hiki hakina dirisha, kina rafu za vizimba vya plastiki mpaka darini, na joto likipanda kidogo tu majike wanakula watoto wao. Kwa hiyo leo usinitegemee kuwa na moyo mwema.

Ninachofanya ni hiki. Kuna jeni moja ambayo tunaiona ikifanya kazi kwenye korodani tu, mahali pengine popote mwilini haipo kazini. Hatujui inafanya nini. Tukaikata kwenye yai la panya, yai likakua, na sasa nina ukoo mzima wa panya waliozimwa jeni hiyo. Madume wake ukiwaona utawapenda. Wanene, manyoya yanang'aa, wanagombana kama madume wengine. Usiku wanapanda majike, asubuhi naona kwa jike kile kizibo kigumu kama nta ambacho dume humwachia. Yaani kazi imefanyika. Nasubiri vitoto. Hakuna hata kimoja.

Nikampelekea Profesa. Unajua alisema nini? "Badilisha majike kwanza." Nikabadilisha. Hakuna kitu. Akasema labda majike wale ni wazee, badilisha tena. Nikabadilisha tena. Mwishoni nikawachukua majike wale wale waliokataliwa, nikawaweka na madume wa kawaida, na sasa sina mahali pa kuweka vitoto. Miezi yangu imekwenda hivyo, wifi. Mtu mwenye vyeti ukuta mzima, na bado akili yake ya kwanza ni ile ile ya Mama.

Nimefurahi kusikia kaka yangu anaweza kwenda hospitali bila kuburutwa. Mwambie alete hiyo karatasi nyumbani. Nataka kuona idadi na mwendo wa mbegu, ni mazoea ya kazi tu. Na hiyo chupa ya kahawia imwage kwenye sinki.

Wifi yako wa panya


Karakana, 27 Februari

Mdogo wangu,

Kwa nini unataka karatasi yangu? Mke wangu sasa kila jioni ni karatasi, karatasi. Nimemwambia imepotea, akasema basi twende hospitali wakatoe nyingine.

Nakuambia wewe kwa sababu ni kazi yako, na kwa sababu nikiendelea kukaa nayo peke yangu nitapasuka. Majibu hayakuwa mazuri. Hamna kitu. Daktari alisema hajaona mbegu hata moja. Nikamwuliza, chache? Akasema, sikusema chache. Nikatoka nikarudi kazini, nikaingia kwenye shimo la lifti kwenye jengo la benki, nikakaa juu ya paa la lifti mpaka msimamizi akaanza kuniita kwa redio.

Jioni nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa mlangoni, hata viatu sijavua. "Vipi?" Nikasema mazuri. Neno lilitoka lenyewe. Likishatoka, unalirudisha vipi? Mama naye alikuwa amekaa pale pale anasikiliza.

Sasa usimwambie mtu. Nakuomba kama ndugu. Mke wangu ameniambia umewazima panya hao, maana yake unajua swichi ilipo. Ukimaliza nao si utaweza kuniwasha mimi? Nitakuja huko likizo, nitasema nakuja kukutembelea.

Kaka yako,
Fundi


Chumba cha panya, 6 Machi

Kaka,

Kwanza pole. Nasema kwa moyo wote, maana nikiendelea hapa chini utasahau kwamba nilisema.

Wewe ni fundi wa lifti. Ukikuta paneli yenye nyaya nyingi na hakuna mchoro, unafanyaje? Unachomoa waya mmoja, unabonyeza vitufe, unaona kipi kimekufa. Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Nachomoa waya. Sijawahi kurudisha hata mmoja. Hata nikimaliza nitakachojua ni kwamba waya huu kwa panya ulikuwa wa hiki. Kama wewe una tatizo la waya huo au la mwingine kati ya mamia, au huna tatizo la waya kabisa ila bomba limeziba, mimi na panya wangu hatuwezi kukuambia. Daktari wa wanaume ndiye anaweza. Kipimo kimoja hakitoshi, unarudia. Unapimwa homoni, unapimwa damu. Wapo wanaume ambao njia imeziba tu, mbegu zipo ndani. Hujui kama wewe ni mmoja wao, na hutajua ukiwa umekaa juu ya paa la lifti.

Halafu kuna mke wako. Anakunywa vitu kutoka kwenye chupa zisizo na majina. Anatazamwa kiuno kila asubuhi. Wewe unaongeza sauti ya televisheni. Kaka, hii si siri yako peke yako, inakaa kwenye mwili wa mtu mwingine. Mwambie. Mwambie wiki hii, jikoni, kitandani, popote. Mimi sitamwambia kwa sababu umeniomba na kwa sababu linapaswa kutoka kinywani mwako. Lakini usinifanye niwe mwongo kwa muda mrefu, sina kipaji hicho.

Mdogo wako


Shuleni, 20 Machi

Wifi,

Umekuwa mkimya. Panya wamekula kalamu?

Huku mambo yamenoga. Mama sasa ana rafiki ambaye ana mpwa, na mpwa huyo amekuja kutusalimia mara mbili. Binti mzuri, simlaumu, nadhani hata yeye hajui ameitiwa nini. Aliosha vyombo vyangu vyote. Mama akasema, "Mwanamke mwenye mikono myepesi hata mtoto humjia upesi." Nikaenda kusahihisha madaftari chooni, wifi, nikafunga mlango. Kaka yako alimsindikiza binti hadi kituoni kwa sababu Mama alimtuma. Akarudi, akawasha televisheni.

Nakuuliza swali moja, unijibu kama mtaalamu, si kama ndugu yake. Daktari aliniuliza majibu ya mume, nikamwambia ni mazuri. Karatasi sijaiona mpaka leo. Je, nina sababu ya kuwa na wasiwasi? Ndiyo au hapana.

Mwalimu


Chumba cha panya, 31 Machi

Wifi yangu,

Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na kazi nyingi.

Kitaalamu, mume na mke hupimwa pamoja, hospitali moja, na vipimo hurudiwa. Hilo ni kwa kila mtu. Ningekuwa wewe ningesisitiza hivyo.

Panya wanaendelea vizuri. Tumewakata korodani vipande vyembamba na kuviweka chini ya hadubini. Ni kama kiwanda ambacho wafanyakazi wote wamefika, mashine zinazunguka, halafu katikati ya mstari kila kitu kinasimama. Upande wa pili hakuna kinachotoka. Profesa ameacha kuzungumzia majike.

Jitunze.

Wifi yako


Karakana, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Umemwambia nini? Nilikuomba kitu kimoja tu. Sasa kila akifungua mdomo ni "tupimwe pamoja, wifi amesema tupimwe pamoja". Nimelazimika kumwambia kwamba siwezi kupata ruhusa kazini, tuna majengo matatu ya ukaguzi. Hilo la ukaguzi ni kweli.

Wewe unaona ni rahisi kwa sababu unashinda na panya. Panya haendi karakana asubuhi kukaa na wanaume wenzake wakitaniana. Juzi mmoja alipata mapacha, wakamwita Bosi siku nzima, halafu wakanigeukia, "Na wewe Fundi, lifti yako inakwama ghorofa ya ngapi?" Nikacheka nao. Wewe ungefanya nini?

Nitamwambia. Sijakataa. Lakini Mama akiwepo siwezi, na Mama haondoki. Na mke wangu sasa hivi kichwa chake kiko kwingine, tarehe ishirini na tatu anafanyiwa upasuaji mdogo wa kuchungulia mirija na kuifungua ikiwa imeziba. Daktari anasema ni kitu kidogo tu, siku mbili anatoka. Akishapona tutakaa tuzungumze vizuri.

Kaka yako


Chumba cha panya, 15 Aprili

Kaka,

Kitu kidogo.

Wanamlaza usingizi na kumtoboa tumbo kwa sababu ya neno moja ulilosema mlangoni kabla hujavua viatu. Daktari ameamini kwa sababu mke wako aliamini. Hakuna mtu katika mlolongo huu aliyekosea isipokuwa wewe, na sasa mimi.

Nimekupigia simu tangu asubuhi hupokei. Nimempigia yeye, akapokea Mama, akaniuliza kama nina sumu nzuri ya panya wa jikoni. Barua hii naituma kwa dereva wa basi anayepita karibu na karakana yenu, ameniahidi atakukabidhi mkononi.

Nimemwachia mwenzangu vizimba. Tarehe ishirini na tatu asubuhi napanda basi la kwanza, nafika hospitali. Nikifika kama hajasikia kutoka kwako, atasikia kutoka kwangu, hapo hapo mbele ya wauguzi. Sitakunong'oneza, sitakuvuta pembeni. Utanichukia, basi unichukie.

Mdogo wako


Nyumba za walimu, 4 Mei

Wifi,

Nimeambiwa ulifika saa sita, ukakuta kitanda kitupu. Basi nikueleze ulichokosa, maana ulisafiri.

Nilikuwa nimeshavaa lile gauni lao la kufungia mgongoni. Nimekaa kwenye benchi la korido, miguu peku, nikisubiri kuitwa. Kaka yako alitakiwa kuwa kazini. Nikamwona anakuja na ovaroli yake, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, watu wanampisha. Akasimama mbele yangu.

"Tusifanye," akasema.

"Tusifanye nini?"

"Huu upasuaji."

Nikadhani ananionea huruma. Nikamshika mkono, nikamwambia asiogope, ni kitu kidogo. Wifi, nilikuwa mimi ninayembembeleza yeye.

"Karatasi yangu haikuwa nzuri," akasema.

"Haikuwa nzuri vipi?"

"Haina kitu. Sifuri."

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Sifuri naielewa. Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu Januari. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni, "Mama, uko tayari?" Nikamwambia, "Nisubiri kidogo, dada, mume wangu anazungumza." Muuguzi akatutazama wote wawili, akarudisha kichwa.

Nikamwuliza, "Nani mwingine anajua?"

Akajifuta mikono kwenye ovaroli. Kisha akasema, "Mdogo wangu."

Mpaka hapo, niamini, nilikuwa sijakasirika. Nilikuwa nimeanza hata kumhurumia. Mwanaume mzima analia na grisi inamwingia machoni. Lakini aliposema hivyo nikakumbuka barua yako. Nilikuandikia ndiyo au hapana. Ukanieleza kiwanda. Wafanyakazi wamefika, mashine zinazunguka. Niliisoma ile barua mara mbili, nikasema moyoni, wifi yangu anaandika vizuri.

Nikavaa nguo zangu. Nikamwambia yeye aingie ndani akamwambie daktari kwa nini siingii, kwa mdomo wake. Aliingia. Nilimsikia kupitia mlangoni, alirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka. Daktari alikuwa mkali, na sikumtetea.

Mkuu wa shule amenipa chumba kilichokuwa kitupu kwenye nyumba za walimu. Kina kitanda, meza na bomba linalovuja. Rafu zote nazifikia.

Usije. Sijakataza uandike.

Mwalimu


Chumba cha panya, 12 Mei

Wifi,

Uliniuliza swali la neno moja nikakupa ushauri. Nilijua jibu na nikakuficha. Nilijiambia naheshimu siri ya ndugu yangu. Heshima hiyo iligharamiwa na wewe, na kidogo tu ingegharamiwa kwa kisu. Sina la kujitetea. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Kuanzia leo nikijua kitu nitakuambia kama kilivyo. Hiki hapa ninachokijua.

Kutoka hospitali nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa peke yake, anachambua mchele. Nikamwambia kila kitu, maana nilijua Kaka angesubiri mpaka mwakani. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wamechanganya chupa."

"Hawakuchanganya, Mama."

"Hospitali ile ina watu wengi. Chupa zote zinafanana. Mpime wewe. Si una mashine?"

"Mashine yangu ni ya panya."

"Dume ni dume," akasema, akaendelea kuchambua.

Nilikaa naye mpaka jioni. Nilirudia kwa maneno mapya, nilichora hata picha nyuma ya kalenda. Mwishoni akaniuliza kama nimekula. Nilipanda basi kichwa kinaniuma upande mmoja.

Kuhusu Kaka: akipimwa vizuri yapo mawili. Kama njia imeziba, mbegu zinaweza kutolewa kwa sindano na mkapata mtoto kwa msaada wa hospitali. Kama kiwanda chenyewe kimesimama, uwezekano ni mdogo sana, ingawa si lazima uwe sifuri. Sikuambii haya ili urudi. Nakuambia kwa sababu ni yako kuyajua.

Wifi yako


Karakana, 27 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ile ya basi niliisoma mbele ya dereva, akakataa kuondoka mpaka nimalize. Nilikuchukia wiki nzima. Sasa nimechoka.

Nimerudia kipimo. Sifuri ile ile. Homoni zangu daktari hakuzipenda, anasema haionekani kuwa njia imeziba, inaonekana ni kiwanda. Wamepima damu kutafuta zile kasoro wanazozijua, hawakuona. Nikamwuliza basi ni nini. Akasema kwa wanaume wengi sababu haijulikani. Nikamwambia mdogo wangu anaifanyia kazi. Akasema, "Mwambie aongeze mwendo." Sikujua kama anatania.

Mama nimemwambia mara tatu. Mara ya kwanza alisema wamechanganya chupa. Mara ya pili alisema ni shoti za umeme kazini. Mara ya tatu hakusema kitu, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Yule mpwa nimemwambia asije tena, akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Kumbe ana mchumba wake.

Jumamosi huwa nakwenda nyumba za walimu. Mara ya kwanza hakufungua. Mara ya pili aliniletea kiti, akakiweka nje, akarudi ndani akafunga mlango. Nikakaa. Walimu wote wakapita wakanisalimia, nami nikawaitikia. Mmoja aliniuliza nasubiri nani, nikamwambia namsubiri mke wangu, kwamba nilimdanganya. Sijui kwa nini nilimwambia yote, lakini yeye ni mwalimu wa biolojia, akaanza kunifafanulia. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Si jambo jepesi, dada yangu, kufundishwa habari zako mwenyewe na mtu aliyevaa kandambili.

Kaka yako


Nyumba za walimu, 14 Juni

Wifi,

Umekuwa ukiandika kila wiki, na hunifichi kitu, hata yale ambayo ningependa unifiche. Nilicheka uliposema Profesa ameandika jina lake kwanza kwenye ule utafiti wenu, na kwamba kwenye mkutano aliwaambia watu alikuwa na mashaka na madume tangu mwanzo. Ulipaswa kumrushia kizimba.

Mama alikuja juzi. Alibisha hodi, akaingia, akakagua chumba, akasema bomba linavuja. Nikamwambia najua. Akakaa ukingoni mwa kitanda na mkoba wake mapajani, kama mgonjwa anayesubiri zamu.

"Kwa hiyo wewe huna tatizo," akasema.

"Sina, Mama. Mirija walishaipima upya kwa picha. Iko wazi."

"Ikawaje ulikunywa dawa zangu zote zile?"

"Kwa sababu ulinipa."

Nilitegemea aseme wamechanganya chupa. Badala yake akauliza, "Ile ya kahawia ilikuwa inakuumiza?"

"Sana."

"Hukusema."

"Nilisema, Mama. Nilisema kila siku."

Akafungua mkoba, akaufunga. Akasema ameamua kurudi kwake Jumatatu, ndugu yake atamfuata. Akasema sufuria amezishusha. Nilimsindikiza hadi getini. Hakuniomba nirudi, wala hakuniomba msamaha, ila kabla hajapanda gari alinitazama usoni, si kiunoni, akaniambia nimekonda, nile.

Sasa ni Jumamosi na kaka yako yuko nje, kwenye kiti. Alikuja na begi la vifaa, akaniuliza kupitia dirishani kama anaweza kutengeneza bomba. Nikamwambia kwamba nina barua ya kuandika, nikimaliza nitamfungulia, na kwamba bomba si la kwanza kwenye orodha. Akasema sawa. Akasema hana haraka, akavuta kiti kivulini.

Sijui nitamwambia nini, wifi. Mtoto sijui kama namtaka sasa, kwa sindano au kwa njia nyingine yoyote. Yeye mwenyewe sijui kama namtaka. Najua tu kwamba miezi yote ile alinyamaza mimi nikiongea, na leo ni zamu yake kuongea mpaka nichoke mimi kusikiliza.

Ukurasa unakwisha. Nimeandika polepole makusudi.

Wifi yako,
Mwalimu